Binti Asiyefunga na Mwalimu Aliyetaka Kujua Kwa Nini

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, saa nane na nusu mchana, mwalimu wetu wa michezo atatia saini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi katika shule hii. Aliletwa hapa kwa muhula mmoja tu, kushika nafasi ya mwenzetu aliyevunjika mguu. Mguu ulipona, mwenye mguu akahamia shule nyingine, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mama huyu kwamba muhula wake umekwisha.

Wanafunzi humwita Kwa Nini. Wamekuwa wakiliandika jina hilo kwa neno moja, kwenye kadi za kumtakia heri na kwenye kuta za vyoo, na idara ya lugha imelisahihisha mahali pote pawili bila mafanikio yoyote. Alilipata katika wiki yake ya kwanza. Wachezaji wa mpira wa kikapu walimweleza kwamba pete ya upande wa mashariki ina bahati, kwa hiyo kila timu hugombea kushambulia upande huo. Hakuwacheka wala hakuwakemea. Aliuliza, "Kwa nini?" kisha akaazima ngazi na futi kamba kwa fundi wa majengo, akapanda mwenyewe. Pete ile ilikuwa chini ya kimo chake kwa upana wa vidole vitatu, na ilikuwa imekaa hivyo kwa miaka saba. Ikainuliwa. Bahati ikaisha siku hiyohiyo, na wachezaji wakamnunia hadi mwisho wa muhula.

Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Alipoliona jambo, alitaka kujua limetoka wapi. Alipasua kipenga kizima ili aone kwa nini hakilii mvua inaponyesha. Alisimama dirishani mwa chumba cha walimu siku nne mfululizo, akahesabu wanafunzi kumi na tisa waliojikwaa kwenye ngazi za bwalo, wote mahali pamoja, kisha akaenda kuzipima ngazi zenyewe. Ya tatu ilikuwa imezidi nyingine kimo kwa unene wa kitabu cha jiografia. Mwalimu wa hesabu alimtania: "Mama, na sisi utatupima lini?" Akajibiwa papo hapo: "Ninyi nilikwisha kuwapima. Chai ya dakika kumi na tano mnainywa kwa dakika ishirini na sita." Tangu siku hiyo chai yetu hunywewa kwa adabu.

Alianzisha timu ya wasichana, ambayo haikuwapo. Alizifikisha timu zetu kumi na nne kwenye mashindano ya mkoa, akaleta vikombe vitatu, na hakuna mwaka hata mmoja aliouacha uwanja bila kupakwa chokaa kabla ya shule kufunguliwa. Hayo yameandikwa kwenye ubao wa heshima, na anayetaka kuyasoma ayasome huko. Wasifu huu unataka kueleza jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye ubao wowote.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa hapa, alikuwapo binti wa kidato cha tatu, mwenye miaka kumi na mitano, ambaye alikuwa anaupenda mpira wa kikapu kuliko chakula. Alifika mazoezini wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Alikuwa na mbio, alikuwa na pumzi, alitoa pasi safi. Lakini hakuweza kufunga. Si kwamba alifunga kwa shida, hakufunga. Mpira ukitoka mikononi mwake kuelekea kwenye pete, ulikwenda popote isipokuwa kwenye pete. Mingi ilivuka ukuta ikatua kwenye karakana ya fundi seremala aliye nyuma ya shule, na kwa sababu hiyo wenzake walimpa jina la Jirani. Fundi mwenyewe alizoea. Siku moja alirudisha mpira mlangoni akauliza, "Leo umenijia mara mbili tu. Binti anaumwa?"

Kanuni ya shule wakati huo ilikuwa fupi na kali. Mwanafunzi aliyekosa kuchaguliwa miaka miwili mfululizo aliondolewa kwenye mchezo na kupelekwa chama kingine, ili nafasi yake ya mazoezi apewe mwingine. Jirani alikuwa amekosa mwaka uliotangulia. Orodha ya wachezaji kumi na wawili wa mwaka ule ilipaswa kufika mezani kwa mwalimu mkuu baada ya wiki tatu. Jina lake likikosekana humo, angekwenda kwenye chama cha bustani, na mchezo ungekuwa umekwisha kwake.

Mama yake alikuja shuleni siku ya Jumanne. Ni muuguzi, na alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, sare yake ikiwa kwenye mfuko. Hakukubali kukaa. "Mwalimu, mimi sikuja kumwombea mtu nafasi," alisema. "Nimekuja kuomba ukweli. Kama mtoto hawezi, mwambie hawezi. Nikimwambia mimi, ananiambia sijui mpira."

"Nipe wiki tatu," mwalimu akamjibu.

"Za nini? Si umemwona mwaka mzima?"

"Nimeona anachoshindwa, mama. Sijaangalia kingine."

Wale waliosikia jibu hilo walidhani ni maneno ya kumtuliza mzazi. Hayakuwa hivyo. Alimaanisha hasa alichokisema, na jambo hilo lilimsumbua.

Kwanza alimweka Jirani chini ya pete, kwa hesabu kwamba aliye karibu hana umbali wa kukosea. Wasichana wenye miili mikubwa walimsukuma kama mlango wa bembea, na hata pale alipoachwa peke yake, hatua moja kutoka kwenye pete, alikosea. Kisha akamfanya mgawaji wa mipira, kwa kuwa pasi zake zilikuwa nzuri. Hapo kosa likawa kubwa zaidi. Wapinzani walitambua mara moja kwamba hana madhara, wakamwacha adunde mpira apendavyo, na mlinzi wake akarudi nyuma kuziba njia za wenzake. Sindano, mfungaji wetu bora, aliyepewa jina hilo kwa sababu mpira wake ulipita kwenye wavu bila kugusa kitu, alirusha mikono juu. "Mwalimu, tunacheza wanne! Huyu ni mtazamaji aliyevaa jezi!"

Jirani alisikia. Aliinama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea.

Mwalimu alikuwa na desturi ya kuandika maoni juu ya kila mchezaji kwenye karatasi, na karatasi hizo alizitundika kwenye msumari ndani ya stoo ya vifaa. Jioni ile aliandika: "Jirani. Mbio nzuri. Pasi nzuri. Hafungi. Nimwondoe?" Akatundika, akaenda nyumbani.

Msomaji wa gazeti hili hahitaji kufundishwa Kiswahili, ila lazima akumbushwe kwamba kitenzi hiki kina kazi nyingi. Hufungwa kikapu, hufungwa mlango, hufungwa mzigo, na kila anayekisikia hukielewa kwa kazi yake mwenyewe. Mtunza stoo wetu wa wakati ule, mzee aliyekuwapo hapa kabla ya mwalimu na aliyewaamini watu wachache sana na funguo zake, alikuwa ameweka zamu ya wachezaji kufunga stoo baada ya mazoezi. Aliisoma karatasi ile. Kesho yake asubuhi alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: aliingia chumba cha walimu, kofia mkononi.

"Mwalimu, samahani. Umemwonea huyu mtoto."

"Nimemwonea vipi, Mzee?"

"Umeandika hafungi. Mimi nakwambia, katika wote wale, anayefunga ni yeye peke yake."

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Anafunga? Lini?"

"Kila siku. Jumatatu mpaka Ijumaa."

"Mbona sijamwona hata mara moja?"

"Utamwona wapi, nawe ukishapuliza kipenga unaondoka? Huyo mnayemsifu, Sindano, ndiye hafungi kabisa! Juzi nimekuta paka kalala kwenye jezi."

"Mzee, Sindano juzi kafunga kumi na nane!"

"Kumi na nane? Stoo ina mlango mmoja!"

Walimu walicheka mpaka mwalimu wa hesabu akamwaga chai kwenye madaftari ya kidato cha kwanza. Mzee alisimama pale akiwatazama, hajui amesema nini cha kuchekesha, na alikuwa karibu kukasirika. Mtu mmoja tu hakucheka. Mwalimu alivuta kiti, akamkalisha mzee, akamuuliza lile swali lake: kwa nini yule afunge na wenzake wasahau?

Mzee alifikiri. "Wenzake wakikumbuka, wanafunga mlango," alisema. "Yule anafunga stoo. Ni vitu viwili. Akifika, anasimama kwanza katikati, anatazama mahali ambapo mtu angepitia. Dirisha la nyuma lina komeo bovu. Sikumwambia. Siku ya kwanza tu alilikuta, akaliwekea kijiti. Anaanza na pale ambapo mwizi angeanza."

Mwalimu aliandika maneno hayo kwenye daftari lake. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Kwa siku nne zilizofuata alikaa benchi wakati wa mazoezi bila kuutazama mpira. Anayedhani hilo ni jambo rahisi na ajaribu mwenyewe. Jicho huukimbilia mpira kama kuku anavyokimbilia punje. Alimtazama Jirani tu, kokote alikokwenda, na kila washambuliaji walipoelekea upande wake alichora mstari. Hesabu ilikuwa hivi. Walielekea upande wake mara arobaini na moja. Mara ishirini na tisa waliurudisha mpira katikati bila kujaribu lolote. Hakuwanyang'anya, hakuwagusa. Walikuta tu kwamba mahali walipotaka kupita tayari pana mtu. Katika karatasi ya matokeo hakukuwa na alama hata moja ya jambo hilo, kwa sababu hakuna kilichotokea, na karatasi ile ilikuwa haina safu ya mambo ambayo hayakutokea.

Alimwita kando. "Unajuaje anakokwenda?"

"Simwangalii machoni, Mwalimu. Macho yanadanganya. Naangalia kiuno. Mtu hawezi kwenda, kiuno kikabaki."

"Na mpira je?"

"Mpira nauacha. Mimi na mpira hatuelewani."

Kwa hiyo upande mmoja wa swali ulikuwa umejibika. Upande wa pili ulibaki palepale, na zilikuwa zimesalia siku tisa. Jirani akiwa uwanjani, tulipozuia tulikuwa kama sita. Tulipokwenda kushambulia tulikuwa wanne, kama alivyosema Sindano. Mlinzi wake alimwacha akaenda kusimama chini ya pete, akawa ukuta wa ziada. Mwalimu mkuu, aliyekuwa mtu mwema lakini mwenye haraka, alishauri kwamba binti afanywe nahodha wa heshima, akae benchi, abebe bendera. Mwalimu alimshukuru kwa ushauri.

Alikusanya vizibo vya soda, vitano vyekundu na vitano vya kijani, akavipanga kwenye meza ya chumba cha walimu kila wakati wa chai. Tulikunywa chai tumesimama. Alivisogeza, akavirudisha, akauliza kwa sauti bila kumuuliza mtu yeyote: mlinzi wa Jirani amemwacha kwa sababu gani? Kwa sababu hafungi. Akimwacha, anasimama wapi? Chini ya pete. Sawa. Kama yuko chini ya pete, hayuko wapi?

Siku ya tatu ya vizibo alikishika kizibo cha Jirani kwa kidole kimoja, akakisukuma polepole mpaka kikagusana na kizibo cha mlinzi wa Sindano. Akakiacha hapo. Kisha akakizungusha kizibo cha Sindano nyuma yake. Mlinzi wa Sindano amezibiwa njia na Jirani. Nani sasa atoke kumzuia Sindano? Kwa kawaida ni mlinzi wa Jirani, ambaye huwa hapo karibu. Lakini huyu hayuko karibu. Yuko chini ya pete, hatua tano mbali, kwa sababu alimdharau Jirani akamwacha. Hatua tano huchukua sekunde mbili. Sindano alihitaji moja.

"Wamwache," alisema mwalimu. "Wamwache kabisa. Nataka wamwache."

Mwalimu wa hesabu aliangalia vizibo, akahesabu kwa vidole, akasema kwamba ni kweli, kisha akaomba kurudishiwa nafasi yake ya kuwekea kikombe.

Mazoezini mambo hayakuwa laini kama mezani. Sheria inamtaka anayeziba njia asimame imara, miguu ikiwa imetulia. Akisogea, ni kosa. Jirani alisimama vizuri, maana kusimama mahali panapostahili ndiko alikokujua, lakini Sindano alikuwa hajazoea kumzunguka mtu, na mara tatu walipigana vikumbo wakaanguka. Sindano alinyanyuka akikung'uta vumbi. "Haya basi, ukuta wangu, jenga nyumba tuhamie!" Wote wakacheka, Jirani naye akacheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika wiki mbili. Siku ya pili Sindano alipita nyuma yake akatupa bila mtu mbele yake. Alitupa mara sita, akafunga mara tano. Hakutoa utani mwingine. Alimwendea mwalimu akauliza kama Jirani anaweza kuwa upande wake siku zote.

Vitabu vya mchezo huu huwapa wachezaji namba kwa kazi zao. Jirani aliuliza, kwa haki yake, "Mwalimu, sasa mimi nacheza namba ngapi?"

Mwalimu akamwambia namba yake haimo kitabuni. "Wewe ni mlango. Wakija wao, jifunge. Tukienda sisi, jifungue." Kisarufi, maelekezo hayo hayana dosari.

Jumamosi ya mwisho kabla ya orodha tulicheza na shule ya ng'ambo ya mji, ambayo mwezi mmoja nyuma ilikuwa imetushinda kwa pointi kumi na sita. Mwalimu alimwalika mama yake Jirani, akamkalisha benchi la pili, akamwomba jambo moja.

"Mama, nakuomba usiuangalie mpira."

"Nimekuja kuangalia mpira, Mwalimu."

"Umekuja kumwangalia mwanao."

Mama akamtazama kama wauguzi wanavyomtazama mgonjwa anayejipangia dawa, lakini akakaa.

Wapinzani walikuwa na binti mmoja mrefu, mwepesi, aliyekuwa ametufunga pointi ishirini na mbili mara iliyopita. Safari hii alikuta kila anapogeuka kuna mtu amekwisha kufika. Alikwenda kushoto, akarudi. Alikwenda kulia, akarudi. Alimsukuma Jirani kwa bega, refa akapuliza. Upande wa pili wa uwanja, kocha wao alikuwa amesikia sifa za Jirani, na alipaza sauti mpaka karakana ya seremala ikanyamaza: "Huyo mwacheni! Huyo hafungi! Rudini nyuma!" Wasichana wake walitii. Walirudi nyuma, Jirani akaenda taratibu kusimama kando ya mlinzi wa Sindano, Sindano akazunguka, akafunga. "Mwacheni, nimesema!" Wakamwacha. Sindano akafunga tena. Kocha yule hakuwa mjinga. Alikuwa anatoa amri iliyo sahihi kwa mchezo mwingine. Alipofika robo ya nne alikuwa ameketi, mikono kichwani, akijaribu kuelewa.

Itakuwa si haki kuficha kwamba Jirani alitupa mara moja. Alikuwa peke yake kabisa, uwanja mzima ukamwona yu peke yake, na nafsi yake ikamshinda. Mpira ulivuka ukuta. Baada ya muda mfupi ulirudi kwa njia hiyohiyo, na sauti ya fundi ikafuata: "Karibu tena!"

Zikiwa zimesalia sekunde ishirini tuliongoza kwa pointi moja, arobaini na nne kwa arobaini na tatu, na mpira ulikuwa wao. Kila mtu alijua utakwenda kwa yule mrefu, na ulikwenda kwake. Alijaribu kushoto. Alijaribu kulia. Aligeuka mara mbili akiutafuta upenyo, akanyoosha mikono juu kumtafuta mwenzake, akatoa pasi kwa papara, na mpira ukatoka nje ya mstari. Muda ukaisha. Jirani hakushangilia mara moja. Alikuwa bado anakiangalia kiuno cha yule binti, kama vile angeweza kuanza tena.

Mama yake alishuka kutoka benchi la pili. Mwalimu alimsubiri amalize hatua zote, kisha akampa kile alichokuwa amekiomba wiki tatu nyuma. "Mama, ulitaka ukweli. Hawezi kufunga, na sidhani kama atakuja kuweza. Na mimi namhitaji kwenye timu kuliko wote isipokuwa mmoja."

Mama aliutazama uwanja. "Nimemwona," alisema. "Yule mrefu alikuwa anazunguka kama mtu aliyepoteza funguo za nyumba yake."

"Ndivyo."

"Lakini ule mpira alioutupa, Mwalimu."

"Nao nimeuona, mama."

"Mungu wangu. Ulikwenda mbali."

"Ulikwenda mbali sana."

"Haya. Abaki." Akachukua mfuko wake wa sare akaenda zamu.

Jumatatu mwalimu mkuu aliipokea orodha, akaiweka kando ya karatasi ya matokeo, akapitisha kalamu mpaka jina la saba. Huyu ana sifuri, alisema. Mwalimu akakubali kwamba ana sifuri. Basi mwalimu mkuu akamuuliza kwa nini, na huenda ndiye mtu wa kwanza katika shule hii kumuuliza mama huyu swali hilo. Alijibiwa kwa saa moja na robo. Vizibo kumi vilipangwa juu ya barua za wizara. Alitia saini, na wapo wanaosema alifanya hivyo ili arudishiwe meza yake, lakini muhula uliofuata ni yeye aliyeifuta ile kanuni ya miaka miwili.

Mwaka ule hatukuchukua kombe la mkoa. Tulishika nafasi ya pili, na tulistahili ya pili. Jirani alicheza nasi mpaka alipohitimu, akafunga jumla ya vikapu vitano, vitatu kati yake kwa bahati, kwa maneno yake mwenyewe. Leo anafanya kazi katika maabara ya maji, ana watoto wawili, na Jumamosi huchezea timu ya akina mama. Tulimuuliza kwa ajili ya wasifu huu kama sasa anafunga. Akasema hapana, na kwamba hana muda wa kujifunza, maana kila timu inayocheza nao inamtaka.

Kwenye karatasi zetu za matokeo iliongezwa safu moja inayosema "Amezuia nini?" Shule nyingine zilitucheka kwa miaka miwili. Mbili kati yake zimeiiga bila kutuomba ruhusa, na moja imeiandika kwa makosa.

Isidhaniwe kwamba tunaagana na malaika. Alama za mitihani alizileta siku ya mwisho, dakika ya mwisho, tangu mwaka wa kwanza hadi juzi. Futi kamba ya fundi wa majengo bado iko kwake. Na kuna walimu wawili humu ambao hawawezi tena kupanda ngazi za bwalo bila kuzihesabu. Lakini katika miaka thelathini na mmoja hatujamsikia akisema juu ya mtoto yeyote kwamba hana kitu. Alisema, "Sijakiona bado," akachukua daftari, akaenda kukaa mahali anapoweza kuona.

Hivi sasa yuko binti wa kidato cha pili ambaye anafunga kutoka kila pembe ya uwanja. Ni mfungaji bora kuliko Sindano. Na kila anapoingia, timu yetu inashindwa, akitoka, inashinda. Mwalimu amemtazama kwa wiki tano na amejaza kurasa kumi na moja, na mpaka tunapoandika maneno haya hajapata jibu. Wiki iliyopita alimwandikia mwalimu mkuu barua, akiomba ruhusa ya kuja kila Jumanne alasiri baada ya kustaafu, akae benchi asimsumbue mtu. Mwalimu mkuu wa sasa amejibu kwa maandishi kwamba benchi ni lake na chai itakuwapo, dakika kumi na tano.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kila ulichokipima, kila ulichokihesabu, na kila mtoto uliyekataa kumwondoa kabla hujamtazama. Tunakuombea afya njema, magoti yasiyouma, na siku ndefu zisizo na kengele. Lala mpaka jua likufikie kitandani. Ukipata jibu la yule binti, usisubiri Jumanne, tupigie simu.